Kushusha Kinga, Kutuliza Kinga

Nyinyi mnaovaa sare nyeupe siku hizi mmesoma kuliko sisi, na sina wivu. Mnazo simu zinazowapa jina la ugonjwa kabla mgonjwa hajamaliza kukohoa. Mimi nimestaafu, nakaa zangu Ilala, na nilichobaki nacho ni miaka ya kukaa kwenye kiti cha nesi katika kituo kidogo cha afya pale Mchafukoge, nikiwaambia watu wa Kariakoo maneno ya tiba na kuangalia nyuso zao wanapoyapokea. Dozi mtazikuta vitabuni. Mimi nataka tuzungumze habari ya maneno.

Nianze na neno "hasi".

Nilikuwa bado mgeni kazini. Akaja mchukuzi mmoja wa mizigo, pande la mtu, kupima kifua kikuu. Fundi wa maabara akamwambia, "Majibu yako ni hasi." Yule bwana akashukuru kwa adabu, akainuka, akatoka. Nesi mkuu wetu alikuwa Sista Felista, mama wa Mahenge, mfupi, mwenye kusema polepole. Alimwona anavyotembea, akaacha alichokuwa anafanya akamfuata. Na mimi nikamfuata yeye. Tulimkuta yule bwana kaketi kwenye mkokoteni wake kona ya Mtaa wa Uhuru, anamwagiza mwenzake nani akachukue watoto. Kwake yeye hasi ilikuwa hasara. Au ndiyo kile wanachofanyiwa mafahali, kuhasiwa. Kwa vyovyote haikuwa habari njema.

Sista Felista akamwambia, "Baba, huna kifua kikuu. Hasi maana yake tumewatafuta wale wadudu, hatukuwakuta."

Yule bwana akamtazama muda mrefu. "Sasa si mngesema hivyo," akasema.

Tukiwa tunarudi Sista Felista alinifundisha jambo ambalo nimelitumia mpaka siku ya mwisho ya kazi. Aliniambia, usimwulize mgonjwa kama ameelewa. Mtu yeyote mwenye adabu atakujibu ameelewa. Mwulize hivi: ukifika nyumbani utawaambiaje? Hapo ndipo utasikia ulichosema.

Jaribuni. Mtashangaa. Nimewahi kumweleza mama mmoja habari za malaria nikaridhika kabisa, nilipomuuliza atawaambiaje nyumbani akajibu, "Nitawaambia nina malaria mbili, ya jana ilikuwa moja, kwa hiyo inazaa." Zamani maabara walikuwa wanahesabu vimelea kwenye kioo na kuandika idadi, na watu wakazichukua zile namba kama vyeo. Mwenye malaria nne anamdharau mwenye malaria moja.

Kwa hiyo mimi nilijitengenezea maneno yangu. Vimelea ni viumbe vidogo vinavyoingia mwilini na kuishi humo kwa gharama yako. Kwa watu wa mtaani ni wadudu, na sioni sababu ya kugombana nao. Bakteria ni kiumbe kamili, anakula, anazaliana mwenyewe, na kuna dawa za kumuua. Kirusi ni mdogo kuliko huyo, hawezi kuzaliana peke yake, mpaka aingie ndani ya chembe ya mwili wako aitumie kama nyumba yake. Ndiyo maana ukienda duka la dawa ukanunua vidonge vya kuua bakteria kwa ajili ya mafua, mafua hayashtuki, kwa sababu mafua ni kirusi. Wanaoshtuka ni bakteria wengine waliokuwa wamekaa tumboni, na wale wasiokufa wanabaki wakiwa wameizoea dawa. Hiyo ndiyo tunaita usugu. Si wewe uliyekuwa sugu, ni wao.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kingamwili ni kitu ambacho baadhi ya askari hao wanakitengeneza, kila kimoja kwa umbo la adui mmoja, ili kimnase huyo na si mwingine. Chanjo inawaonyesha askari sura ya adui kabla hajafika, akija wanamjua. Na homa? Homa si adui. Ni dalili kwamba mwili umestuka na unapigana. Kina mama wengi walikuwa wananiletea mtoto aliyepata homa baada ya chanjo, wanalalamika kwamba nimemtia ugonjwa. Nilikuwa nawaambia, mwili wake umesoma somo, iache homa hii ndogo, mpe maji na umnyonyeshe, ikizidi au isipopoa mlete.

Na jumla ya hayo yote, askari, kingamwili, ngozi inayozuia, kamasi, hata machozi, ndiyo tunaita kinga.

Sasa tumefika. Kuna mtu nataka kuwasimulia kwa sababu ya neno hilo moja.

Aliitwa Aneth, lakini Kariakoo walimjua kama Mama Doreen. Yeye na mumewe Evarist walikuwa Wachaga wa Marangu, wenye duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu: sufuria, mabeseni, chupa za chai zimepangwa mpaka darini. Evarist alikuwa mtu wa mahesabu na kusafiri. Aneth ndiye aliyekuwa duka lenyewe. Alikuwa na sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara bila kupiga kelele, sijui alifanyaje. Walikuwa na mtoto mmoja, huyo Doreen.

Aneth alianza kuja kwetu kwa homa za kuja na kuondoka. Ameshapita kwingine akaambiwa ni malaria, akatibiwa. Akaambiwa ni taifodi, akatibiwa. Akaambiwa ni UTI, maana mjini hapa ugonjwa ukikosa jina unapewa hilo. Asubuhi vidole havikunji, hawezi kushika kitasa. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Mdomoni vidonda. Na usoni mabaka yaliyotanda shavu hadi shavu kupitia juu ya pua, yanakolea kila anaposimama juani kupokea mzigo.

Daktari wetu wakati ule alikuwa kijana, Daktari Salumu, mtu mtaratibu, mwenye kusikiliza. Ndiye aliyeunganisha yale mambo yote akaona ni kitu kimoja. Akampeleka hospitali kubwa, wakachukua damu, wakapima mkojo, akarudi na jina: lupus. Na dawa. Ikakubaliwa kwamba vipimo vya kawaida na dawa za kuendelea atazifuata kwetu.

Siku Daktari Salumu anamweleza ugonjwa wake mimi nilikuwa chumba cha chanjo na watoto wangu wanaolia. Lakini najua alichomwambia, kwa sababu wote wawili walinisimulia baadaye na maneno yalikuwa yale yale. Alimwambia, "Mama, kinga yako ya mwili ina tatizo, inakushambulia wewe mwenyewe. Dawa hizi zitashusha kinga. Usiziache hata siku moja." Alitumia Kiswahili safi. Aliongea taratibu. Akamuuliza kama ameelewa, naye akajibu ameelewa.

Nyinyi ni vijana, labda hamjui neno "kinga" lilikujaje mitaani kwetu. Zamani mtu wa kawaida hakuwa na haja nalo. Lilikuja pamoja na UKIMWI. Limo ndani ya jina lenyewe: upungufu wa kinga mwilini. Tulilibandika ukutani, tukalisema redioni, tukalisema misikitini na makanisani. Watu wakalishika. Basi mpaka leo ukimwambia mtu wa Kariakoo kwamba kinga yake imeshuka, anasikia jambo moja tu.

Aneth alifika nyumbani akamwambia mumewe kama alivyoambiwa. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Marangu kwa matibabu ya macho, naye alikuwa hapo sebuleni. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake Evarist akaenda kupima virusi, peke yake, kituo cha mbali ambako hakuna anayemjua. Akakutwa hana. Badala ya kumpa nafuu, majibu yale yakampa wazo baya zaidi: kama mimi sina, yeye amepata wapi? Hakuuliza. Akaanza kulala sebuleni akisingizia mgongo. Akaanza kunywa chai dukani badala ya nyumbani.

Na Aneth naye alikuwa na hesabu zake. Dawa zile zilimvimbisha uso ukawa wa mviringo, watu wa mtaani wakaanza kumwangalia kwa jicho lile. Dada mmoja jirani wa duka akamwambia kwa upole kabisa kwamba siku hizi dawa zipo, watu wanaishi, asijifiche. Yule dada hakukosea kwamba dawa zipo na kwamba hakuna cha kujifichia. Alikosea ugonjwa tu. Aneth akawaza: kama tatizo ni kinga, mbona nameza kitu kinachoishusha? Akaacha vidonge. Akanunua unga wa majani ambao unauzwa pale sokoni kwa jina la kupandisha kinga, akawa anachanganya kwenye uji kila asubuhi.

Alipokuja kwetu miguu ilikuwa imevimba hadi magotini na viatu alikuwa amevishika mkononi. Safari hii alinikuta mimi.

"Shikamoo sista."

"Marahaba, Mama Doreen. Kaa hapa. Mkojo ukoje?"

"Una povu. Kama omo."

Nilimpima presha, nikaipima tena kwa sababu sikuiamini. Nikamuuliza, "Dawa unakunywa?"

"Nimeacha."

"Kwa nini, mwanangu?"

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemweleza mteja bei. "Sista, mimi nimefika fomu foo. Mtu akikwambia hii dawa inashusha kinga, wewe ungeimeza?"

Nikamuuliza, "Nyumbani uliwaambia una nini?"

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Aliweka viatu chini, akavipanga sawasawa, halafu akafunika uso na khanga.

Figo zake zilikuwa zinashambuliwa na ilikuwa lazima arudi hospitali kubwa siku ile ile. Tulipokuwa tunasubiri gari Daktari Salumu alimpigia simu Evarist, naye akaja kwa miguu kutoka dukani, jasho linamtoka, akasimama mlangoni kama mgeni. Aneth kalala kwenye kitanda cha kupimia. Daktari akaanza kueleza upya. Nikaona lile neno linarudi, kinga, kinga, na uso wa Evarist unazidi kukunjamana. Nikamwomba daktari ruhusa.

"Baba Doreen," nikasema, "duka lako lina mlinzi?"

"Linaye."

"Kazi yake nini?"

"Kuzuia wezi."

"Sasa chukulia mlinzi huyo ana nguvu, ana rungu, hana woga. Lakini macho yamemharibikia. Asubuhi mkeo anafika kufungua duka, yeye anamwona mwizi. Anampiga. Kesho anampiga. Anavunja na rafu za vyombo. Huo ndio ugonjwa wa mkeo. Hana mdudu. Hajaambukizwa na mtu, na hawezi kumwambukiza mtu, si wewe wala mtoto. Askari wa mwili wake wamekosea kutambua. Wanaupiga mwili wenyewe, viungo, ngozi, na sasa figo."

Evarist akafikiri. Alikuwa mfanyabiashara, akatafuta kasoro kwenye mpango. "Mlinzi wa hivyo si unamfukuza kazi?"

Daktari Salumu akamjibu, "Ukimfukuza kabisa, wezi wa kweli watamaliza duka. Mkeo hawezi kukaa bila mlinzi. Tunachofanya ni kumpunguzia nguvu, ili rungu lisiue."

Aneth, akiwa vile vile amelala, akasema, "Basi mnamtuliza. Semeni mnamtuliza. Kushusha ni kitu kingine."

Daktari akamgeukia. "Ndiyo mama. Tunamtuliza."

Evarist akasogea mpaka pembeni ya kitanda. Akasema, bila kumwangalia, "Mimi nilienda kupima."

"Najua," Aneth akasema. "Nilikuona ulivyoacha kunywa chai nyumbani."

"Ningekuuliza."

"Ungeniuliza, ningekwambia sijui. Hata mimi nilikuwa sijui."

Evarist akamshika mkono. Sisi wawili tukatoka, tukasimama koridoni kama watu wanaosubiri majibu yao wenyewe. Daktari Salumu akaniuliza, "Sista, nilikosea wapi? Kila nilichosema ni kweli." Nikamwambia hakusema uongo hata kidogo. Alitumia neno ambalo mitaani tayari lilikuwa na kazi nyingine. Hata mimi ningelitumia, nilikuwa nalitumia. Aliyetupa lingine ni Aneth.

Alinusurika. Figo hazikurudi kama za mwanzo lakini zilimtosha. Na akawa mtu wa dawa. Mimi nimeona wagonjwa wengi wanaomeza vidonge, wachache wanaovielewa. Aneth alivielewa. Alijua kwamba dawa ile iliyomvimbisha uso haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo na daktari, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza kitu kama hicho, na sasa umeacha kutengeneza cha kwake kwa kutegemea cha kumeza. Alijua jua linaamsha ugonjwa. Nikamshauri ajifunike, akaja siku moja amevaa ushungi mpana aliopewa na mama mmoja wa Kigoa, hapana, nadanganya, wa Kingazija, jirani yao wa ghorofani. Basi wapita njia Mtaa wa Sikukuu wakawa wanamtolea salamu ya Kiislamu, naye anaitikia vizuri kabisa, halafu Jumapili yuko kwaya. Evarist alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Kuwaona wakicheka vile ilikuwa ni malipo ya kazi.

Alipokuja kwa vipimo alikaa benchi na wenzake, na mtu akilalamika kwamba ameambiwa ana aleji, Aneth ndiye aliyekuwa anaeleza. "Hiyo nayo ni mlinzi," anasema. "Ila wako hampigi mwenye duka. Wako anapigia kelele mteja. Vumbi limeingia, pweza ameingia, yeye anadhani ni jambazi." Huo ndio mzio, wanangu, na sijaona kitabu kilichoueleza vizuri zaidi.

Neno lake tukalichukua. Kituo chetu kizima kikawa kinasema "dawa ya kutuliza kinga". Wagonjwa wakawa hawaziachi. Tulijiona tumepata ufunguo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye uzito.

Mlinzi aliyetulizwa amepunguzwa nguvu kwa kila mtu. Mwizi akija, mlinzi ni yule yule mpole. Mgonjwa wa dawa hizi anaweza kuwa na nimonia kubwa huku homa yake ni kidogo tu, kwa sababu homa ni kupigana, na mwili umeambiwa usipigane sana. Tulimwambia hilo Aneth. Alikuwa analijua. Homa yoyote, hata ndogo, unakuja siku hiyo hiyo. Alikuwa analirudia mwenyewe nikimuuliza.

Ikapita miaka, ikaja Desemba moja. Mnaijua Kariakoo ya Desemba. Duka la vyombo halitulii hata mtu apate kwenda chooni. Na baada ya hapo kuna safari ya Kilimanjaro, maana Mchaga asipoonekana kwao Krismasi anaulizwa. Mwaka ule ulikuwa na uzito wake, kwa sababu mama mkwe alikuwa hajaonana na Aneth tangu ule wakati wa ukimya sebuleni, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba anamsubiri mkwe wake kwa mikono miwili. Ameandaa chumba. Aneth alianza kukohoa kabla ya safari. Joto lilikuwa kidogo, alimwambia Evarist ni vumbi la maboksi. Evarist akamwambia wapite kwetu. Aneth akasema, "Nikipita watanilaza. Mama ananisubiri. Nitapita tukirudi. Dawa yangu nameza, mlinzi katulia."

Alifika Marangu, akapokelewa. Evarist alinisimulia kwamba yule bibi alimshika mkono kutoka kwenye gari mpaka ndani hakumwachia. Walikula pamoja, walienda ibada ya Krismasi pamoja. Siku iliyofuata akashindwa kuinuka. Wakamkimbiza hospitali, wakamweka kwenye oksijeni, madaktari wa kule wakafanya walichoweza. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Alizikwa huko huko, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Mwezi wa kwanza Evarist alikuja kituoni. Alikuwa amekonda. Tulikaa chumba cha ushauri, mimi na yeye.

"Pole sana, baba yangu."

"Ahsante, mama." Kisha akasema, "Nimekuja na swali moja, na naomba unijibu kama ungemjibu mwanao. Mlituambia dawa inatuliza. Hospitali ya kule daktari ameniambia mke wangu amekufa kwa sababu dawa zilimshusha kinga. Lipi la kweli?"

Nimeulizwa maswali mengi kwenye kile kiti. Hilo sijalisahau. Ningeweza kujificha nyuma ya lile onyo la homa, kwamba tulimwambia na yeye mwenyewe ndiye aliyeahirisha. Lingekuwa kweli. Lakini yeye hakuuliza hilo.

"Yote mawili ni kweli," nikamwambia. "Dawa ilimtuliza yule mlinzi, ndiyo maana figo zake zilinusurika na mkapata miaka ile. Na dawa hiyo hiyo ilimshusha nguvu, ndiyo maana nimonia ilimkuta mlango uko wazi. Bila dawa angekufa mapema, kwa figo. Kwa dawa aliishi, lakini aliishi na hatari. Sisi tulilipenda lile neno la kutuliza kwa sababu lilimrudisha kwenye vidonge. Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa nusu."

Hakulia na hakunilaumu. Aliuliza tena kuhusu figo, kama kweli angekufa mapema. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha mzigo umefika wote.

Nikaenda kwa Daktari Salumu siku hiyo, nikamwambia, akavua miwani. Tangu siku ile pale kwetu tunasema maneno yote mawili. Mwambieni mgonjwa kwamba dawa inatuliza kinga, na mwambieni kwamba kwa sababu hiyo inaishusha, na mwambieni kushuka huku si kule alikokusikia mtaani, na akikohoa au akipata joto asisubiri sherehe wala safari. Inachukua muda mrefu zaidi. Foleni inanung'unika. Acheni inung'unike. Mkipata neno jepesi, lifurahieni, halafu jiulizeni limeacha nini nje.

Evarist alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni. "Mama, kuna jingine. Doreen haniulizi. Anakaa tu. Naomba uje uzungumze naye, mimi nikianza nashindwa."

Nilikwenda Jumamosi mchana. Doreen alikuwa wa sekondari tayari, mrefu kama mama yake, ndiye aliyekuwa kwenye kaunta. Alinisalimia shikamoo, akanisogezea stuli, akamaliza kumfungia mteja hotipoti kwenye gazeti, vizuri, kona zote zimekunjwa. Baba yake akajifanya anahesabu mabeseni huko ndani.

Nikamweleza. Sikumpunguzia, kwa sababu watoto wa umri ule wanajua ukiwapunguzia. Nikamweleza askari wa mwili, kingamwili, jinsi inavyotokea mwili ukakosea ukapiga vya kwake, dawa inafanya nini na inagharimu nini, nimonia ni nini. Nikamwambia kwamba halikuwa kosa la bibi, wala la safari peke yake, wala la mama. Nikamwambia hakuna mtu aliyemroga na hakuna mtu aliyemwambukiza. Alisikiliza akichezea kipande cha kamba.

Nilipomaliza akasema, "Kule msibani walikuwa wananong'ona."

"Najua."

"Naomba nikuulize, bibi. Kwa hiyo mwili wa mama ulikuwa unamchukia?"

Katika kazi yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na ilibidi nifikiri.

"Hapana, mjukuu wangu. Mwili hauna chuki. Ulikuwa unajaribu kumlinda, ukakosea."

Akafunga ile kamba fundo, akaifungua. Barabarani watu walikuwa wanapita na mizigo kichwani, mmoja akauliza bei ya sufuria, Doreen akamtajia bila kugeuka. Kisha akaniangalia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nilipokaa.

"Basi alikuwa anaumwa tu," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alikuwa anaumwa tu."